Kabla Hujavaa Kola

Mazishi yangu ya kwanza nikiwa mchungaji yalikuwa ya mtoto wa miaka 2. Nilikuwa na miezi 4 tu tangu kubarikiwa, kola bado ngumu shingoni, na mahubiri nilikuwa nimeyaandika kurasa 6. Nikawaeleza waombolezaji tofauti kati ya ufufuo wa mwili na ile imani ya Wayunani kwamba roho haifi. Kila nilichosema kilikuwa sahihi. Nilisema kwa dakika 35, saa nane mchana, watu wamesimama migombani. Tulipomaliza, mwinjilisti wa mtaa ule, mzee aliyesoma shule ya Biblia miaka 2 na hajawahi kuvaa joho la mahafali, akanivuta pembeni. "Mchungaji," akasema, "umetufundisha vizuri. Ila mama wa mtoto hukumtazama hata mara moja."

Tangu siku ile nimehubiri miaka zaidi ya 30, na katika hiyo nimefundisha theolojia chuoni miaka 14. Sasa nimestaafu, na vijana hunijia nyumbani jioni wakitaka ushauri. Huuliza chuo kipi ni kizuri, mshahara ni kiasi gani, na inachukua muda gani kufika shahada ya uzamivu. Ni maswali halali, nitayagusa. Lakini hajaja hata mmoja kuniuliza nini cha kusema mbele ya kaburi fupi. Ninawaandikia wao, na wale wanaotaka kuwa walimu wa wachungaji, kwa sababu naona makundi haya mawili yanazidi kuachana, na mimi siamini kwamba ni kazi mbili.

Nianze na wito. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kanisa ninalolijua, kijana hajipeleki chuoni kama anavyojipeleka kusomea uhasibu. Usharika unamtambua, jimbo linampendekeza, dayosisi inamhoji na kumtuma. Wengi huuona utaratibu huu kuwa usumbufu, nami niliuona hivyo. Leo nautetea. Wito uliosikiwa na wewe peke yako haujathibitishwa bado. Kabla hujaomba barua ya kupendekezwa, fundisha shule ya Jumapili mwaka mzima. Uwatembelee wagonjwa ambao si ndugu zako. Kisha waulize wazee wa usharika, wale wakali, kama wanakuona mchungaji. Wakisita, usikimbilie dayosisi nyingine. Na kuimba vizuri kwaya, ndugu yangu, si wito wa uchungaji. Ni wito wa kuimba kwaya.

Dada zangu, kwenu nitasema zaidi kidogo. KKKT ilikubali kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwaka 1990, baada ya mabishano ya miaka mingi. Ruhusa imo katika maandishi, ila migombani haijafika yote. Utakutana na ukoo utakaoomba mchungaji mwanamume aje azike, na mzee atakayekuita "mama mchungaji" akidhani umeolewa na mchungaji. Usimalize nguvu zako kwa kubishana naye. Mzike ndugu yake vizuri. Mara ya pili atakutafuta wewe.

Sasa masomo. Kuna vijana wanaoniambia kwamba chuo huzima moto wa Roho, na kwamba mitume hawakuwa na shahada. Ninawakumbusha mambo mawili tuliyoyaona kwa macho yetu. Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana katika ibada, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, serikali ya Kenya ilianza kufukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri mmoja, na miili ikazidi 400. Kwa miaka yetu hii, mwenye uwezo wa kukodi turubai na vipaza sauti anaweza kujiita mchungaji Jumatatu na nabii Ijumaa. Sisemi shahada ni kinga. Mzee wa Samunge, Loliondo, aliyewatoa watu Afrika Mashariki nzima kufuata kikombe cha dawa cha shilingi 500 mwaka 2011, alikuwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu. Kinachofanywa na chuo ni kukuzoeza kwenda polepole.

Mwaka ule wa kikombe niliusimamia usharika wenye mitaa 5. Jumapili moja, baada ya matangazo, mama mmoja akasimama katikati ya kanisa: "Mchungaji, twende au tusiende?" Kanisa likanyamaza kimya. Ajabu ni kwamba kilichoniokoa si Kiyunani wala dogmatiki. Ni historia ya kanisa, somo nililolisinzilia chuoni. Nilikumbuka kwamba Wakristo wamekuwa wakimiminika kwenye chemchemi, mifupa ya watakatifu na mafuta kwa karne nyingi, na kwamba kanisa lililoharibu zaidi ni lile lililotangaza haraka, ama kukubali ama kukataa. Nikajibu kwamba anayekwenda simzuii, asiyekwenda hajapungukiwa imani, na yeyote aliyepewa dawa za hospitali asiache kuzimeza hata siku moja. Pande zote mbili zilinuna. Lakini wenye dawa waliendelea kumeza dawa.

Kuhusu chuo kipi, jibu langu ni fupi: kile ambacho dayosisi yako inakutuma, mradi kina maktaba inayofunguliwa jioni na walimu wanaohubiri Jumapili. Usije ukababaishwa na majengo. Chuo cha Makumira kilianzia Lwandai, milimani Usambara, mwaka 1947, kikahamia Makumira karibu na Arusha mwaka 1954. Kile cha Limuru, ambacho leo ni chuo kikuu, kilianza mwaka 1903 Frere Town, Mombasa, pale wamisionari wa Kianglikana wa CMS walipokuwa wamewapokea watumwa walioachwa huru. Vyote viwili vilizaliwa vikiwa na kundi la kuchungwa mlangoni. Ukifika chuo ambacho Jumapili walimu wake wanalala, na wewe utajifunza kulala.

Lugha ndizo zinazowatoa jasho wanafunzi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Jifunze Kiyunani na Kiebrania, hata kama dayosisi haikudai, hata kama utapata alama ya chini. Usijifunze ili uje kuzitamka mimbarini. Hakuna bibi aliyewahi kufarijiwa na kitenzi cha Kiyunani. Jifunze ili usikie Kiswahili chako upya. Nitoe mfano. Injili inaposimulia kwamba Yesu aliwahurumia makutano, au kwamba baba alimhurumia mwana mpotevu alipomwona kwa mbali, kitenzi cha Kiyunani kimetokana na neno la viungo vya ndani: matumbo, maini, moyo. "Huruma" yetu ni neno zuri, lakini limepoa; hata wakili mahakamani anaweza kuomba huruma. Nilipojua asili ya kitenzi kile, nikakumbuka kwamba Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi na tumbo, nalo ni uchungu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilihubiri Jumapili moja kuhusu Mungu mwenye uchungu wa mzazi, bila kutaja Kiyunani hata mara moja, na kina mama wakaacha kujipepea kwa leso zao.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na unatuhusu sana sisi Walutheri. Fundisho letu kuu ni kuhesabiwa haki kwa imani. Mwanafunzi wangu angeweza kuliandikia insha ya Kiingereza yenye maneno 3,000, pamoja na tanbihi. Nikimwambia, "Haya, mweleze bibi yako," anaduwaa. Tatizo liko kwenye neno lenyewe. Kwa mkulima wa Kilosa anayegombea shamba na wafugaji, haki ni kitu unachodai. Unakwenda nayo kwa mtendaji wa kijiji, ukishindwa unakwenda barazani, ukishindwa unakwenda mahakamani. Akisikia kwamba imani inampa haki mbele za Mungu, anaelewa kwamba amepata hoja ya kumdai Mungu. Halafu anakuja mhubiri wa mafanikio na kipaza sauti anamwambia, "Dai haki yako!" na mambo yanakamilika. Tumempa tafsiri yetu, mwingine akaitumia.

Mimi nilijifunza kuliegemea neno la kwanza, "kuhesabiwa". Mtume Paulo alitumia neno la watu wa mahesabu. Kila mtaa una duka lenye daftari la mikopo, na kila mtu anajua uzito wa jina lake kuwamo mle. Hebu fikiri umekwenda kwa Mangi mwenye duka mwisho wa mwezi, umeinamisha kichwa, hujui utaanzaje. Anafungua daftari, anakuambia deni limelipwa na si wewe uliyelilipa. Hapo huna cha kudai. Unaweza kushukuru tu, tena kwa aibu kidogo. Sikuipata hii kitabuni. Niliipata kwa sababu nilikuwa nadaiwa sukari.

Ndiyo maana nasema mimbari na darasa ni kazi moja. Mimbari hukuletea maswali, darasa hukupa muda wa kuyatafuna.

Tuje kwenye mahubiri yenyewe. Ukihubiri kila Jumapili kwa miaka 30, ni mahubiri 1,560, mbali na mazishi, ndoa na ibada za asubuhi. Hakuna kipaji kinachofika mbali hivyo bila utaratibu. Wangu ulikuwa huu. Jumatatu nililala na kulima. Jumanne nilisoma somo la kalenda kwa sauti, mara 3, bila kufungua kitabu cha ufafanuzi, nikiandika pale ninapokwama. Jumatano na Alhamisi nilitembelea watu nikiwa nalo kichwani, na mara nyingi mahubiri yalipatikana huko, kitandani kwa mgonjwa au kwenye benchi la muuza kahawa. Vitabu nilivifungua Alhamisi usiku. Ijumaa niliandika, kurasa 2 na nusu, si zaidi. Jumamosi ni ya mazishi na harusi, usiiwekee matumaini. Atakayesubiri Jumamosi usiku atahubiri mahubiri ya mtu mwingine kutoka kwenye simu yake, na waumini watajua. Wanaye mtoto aliyeona video ileile.

Ondoa theluji. Nimemsikia mwanafunzi akihubiri Singida kuhusu mtu aliyepotea kwenye theluji usiku, akaona taa ya nyumba dirishani. Watu walimsikiliza kwa adabu. Singida watu hupoteza ng'ombe, hupoteza njia msimu wa vumbi, hupoteza watoto kwa jiji. Alikuwa na mifano tele, akaenda kukopa Ulaya.

Pia hesabu unavyojaza nafasi. Nilikuwa na desturi ya kukaa nyuma ya kanisa na penseli. Mwanafunzi mmoja alisema "Bwana asifiwe" mara 41 katika dakika 28, na "mwambie jirani yako" mara 9. Nilipomwonyesha karatasi alikasirika, kisha akacheka. Salamu ile ni nzuri sana unapoingia nyumbani kwa mtu. Mimbarini inageuka kuwa kikohozi cha mhubiri aliyesahau sentensi inayofuata. Ukisahau, nyamaza. Watu watadhani unafikiri, na pengine utaanza kufikiri kweli.

Fedha. Mshahara wa mchungaji hutegemea sadaka, na sadaka hutegemea mvua, bei ya kahawa na ada za shule za Januari. Zipo sharika za mjini zinazolipa vizuri. Zipo za vijijini ambazo utamaliza miezi 3 ukila matunda ya mnada wa mavuno, yaani ndizi na mayai ambayo wewe mwenyewe uliyanunua baada ya ibada ili mama aliyeyatoa asiaibike. Usihesabu sadaka. Waache wazee wahesabu, wewe weka sahihi baada yao. Sadaka ya simu ipite kwenye namba ya usharika. Siku utakapoiruhusu ipite kwenye namba yako "kwa muda tu", umeshaingia matatani hata kama hukuchukua senti. Uliza mapema kama michango yako ya pensheni inapelekwa NSSF, na uulize tena kila mwaka. Nyumba ya usharika si yako. Wachungaji wenzangu wawili walistaafu wakiwa na ng'ombe na vitabu, lakini bila mahali pa kuviweka.

Mwenzi wako naye ahojiwe na wewe kabla dayosisi haijamhoji. Uhamisho utakuja katikati ya muhula wa watoto. Sina namna ya kulipamba hilo.

Nimalizie na wale wanaolitazama darasa. Usitoke chuo ukaingia chuo. Nimewaona vijana wenye akili kali waliochukua shahada ya kwanza, ya pili, ya tatu, wakarudi kufundisha uchungaji bila kuwahi kuongoza baraza la wazee lililogawanyika kuhusu ukuta wa choo. Wanafundisha sawasawa, lakini wanafunzi wanapouliza, wanajibu swali la kitabu. Chunga usharika walau miaka 5. Ukishapata kiti chuoni, omba mtaa mmoja wa karibu uwe wa kwako Jumapili, hata kama una waumini 40.

Hili si wazo langu. Martin Luther alipata udaktari wake mwaka 1512, akafundisha Wittenberg hadi uzeeni, na muda wote huo aliendelea kuhubiri katika kanisa la mji. Alipotumwa kukagua sharika za vijijini Saksonia mwaka 1528, alikuta watu wasiojua hata Sala ya Bwana, na wachungaji wasioweza kuwafundisha. Profesa yule alirudi na hasira, na mwaka uliofuata akaitoa Katekisimu Ndogo. Watoto wetu wa kipaimara wanaikariri mpaka leo. Kitabu chake kinachosomwa na watu wengi zaidi kilitokana na safari ya vijijini.

Aliye karibu nasi zaidi ni John Mbiti wa Kitui. Alipata udaktari Cambridge mwaka 1963, akafundisha Makerere kwa muongo mmoja, akaandika mwaka 1969 kitabu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika ambacho kinasomwa vyuo vikuu vya dunia nzima. Angeweza kuishi kwa jina hilo tu. Badala yake alikaa miaka 15 akiwa mchungaji wa usharika katika mji mdogo wa Burgdorf, Uswisi, huku akifundisha Chuo Kikuu cha Bern. Na uzeeni, kabla hajafariki mwaka 2019, alilitafsiri Agano Jipya kutoka Kiyunani kwenda Kikamba, lugha ya mama yake. Wanatheolojia wetu wengi tunaandika kwa Kiingereza ili tusomwe na watu 12 walioko Ulaya, wengine wakiwa ndio waliotusahihishia tasnifu. Andika kwa Kiingereza, sawa, unahitaji cheo. Lakini kwa kila makala ya Kiingereza andika moja ya Kiswahili, na umpe mwinjilisti aisome kabla hujaipeleka kwa mchapishaji. Asipoielewa, kosa si lake.

Darasani, vumilia swali. Mwaka wangu wa mwisho wa kufundisha nilikuwa naeleza ubatizo, nikafika kwa watoto wachanga waliokufa bila kubatizwa. Nikatoa misimamo 4 ya kihistoria, na wenye nayo, na udhaifu wa kila mmoja. Kijana wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, nimeelewa yote manne. Jumamosi nina mazishi ya namna hiyo." Darasa zima likanigeukia. Nilifunga daftari, tukakaa naye baada ya kipindi mpaka giza likaingia, na Jumamosi nilikwenda naye. Alihubiri dakika 9. Alisimama upande aliokaa mama.

Kama baada ya kusoma yote haya bado unaitaka kola, usianze na fomu. Nenda ukamwone mchungaji wa usharika wako, umwombe umfuate kazini wiki mbili, umbebee mkoba, ukae kimya nyumba za wagonjwa. Usimwendee Jumapili baada ya ibada, ana watu. Nenda Jumanne. Jumatatu mwache alale.